Treni ya Bati Niliyojenga na Shemeji Yangu

Watu huniuliza kwa nini nilijenga treni uani wakati mshahara ulikuwa hauji. Huwa najibu kwamba ni kwa sababu mshahara ulikuwa hauji. Mtu anayelipwa ana pa kwenda Jumapili. Asiyelipwa anakaa nyumbani anatazamana na mkewe, na mke wangu hakuwa mtu wa kutazamwa muda mrefu bila kukupa kazi ya kufanya.

Nilikuwa fundi wa mabehewa katika karakana ya reli pale Kolwezi, mji wa migodi ya shaba huko Katanga. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai, mkoa jirani, kufanya kazi ya migodi. Mimi nilizaliwa Kolwezi, nikabatizwa Kolwezi, nikaoa Kolwezi. Mke wangu alikuwa binti wa Katanga ya kaskazini. Kaka yake mkubwa, yaya kama alivyomwita, aliendesha treni za mgodi, zile za kubeba mawe ya shaba, na tangu siku ya posa tuliitana "bo", kifupi cha shemeji kwa Kifaransa. Yeye ndiye aliyenipa wazo la treni, au mimi nilimpa yeye. Hatukuwahi kukubaliana juu ya hilo.

Hela hatukuwa nazo, kwa hiyo tulijenga kwa vilivyotupwa. Reli zilikuwa mikanda ya chuma inayofungiwa makreti, tuliisimamisha kwa ubavu ndani ya mifereji tuliyokata kwenye vipande vya mbao. Mabehewa yalitoka kwenye makopo ya maziwa ya unga, tuliyoyapasua na kuyanyoosha kwa nyundo hadi bati likakubali. Ekseli zilikuwa spoku za baiskeli. Magurudumu alituyeyushia jirani aliyekuwa akitengeneza sufuria. Tulimpelekea sufuria zetu zilizopasuka, akatumiminia magurudumu katika kalibu za mchanga, na mengine yalitoka yamepinda kidogo, kwa hiyo behewa lilikwenda likichechemea. Kichwa cha treni kilikuwa na mota ya redio-kaseti iliyokufa. Betri zikiwa mpya kilivuta mabehewa mawili. Zikichoka, tulisukuma kwa kidole.

Kosa letu kubwa lilikuwa mchanga. Reli inataka kulazwa juu ya kokoto, na kokoto ndogo za kulingana na treni kama ile hatukuwa nazo. Bo akaleta magunia ya ule mchanga laini wa kijivu wa Kingamyambo, masalio ya madini yaliyooshwa. Ulilala vizuri, reli ikanyooka. Mvua ya kwanza ikaubeba mpaka kwenye bustani ya mke wangu, na lengalenga zake zote, mchicha wa kwetu, zikanyauka. Kila mtu Kolwezi anajua kwamba pale mchanga ule unapomwagwa hapaoti hata jani, na sisi wawili tulipaswa kuwa wa kwanza kukumbuka. Kwa wiki kadhaa mke wangu alitupa chakula bila mboga, akasema treni itatuletea.

Kisha tukagombana juu ya ndoano za kuunganishia. Mimi nilizifunga kwa kimo cha mabehewa ya karakana yetu, bo alizifunga chini, kama za mgodini kwake. Mabehewa yangu hayakushikana na yake, na hakuna aliyekubali kubadilisha. Tulibishana mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mutengeneze moja ya kati," alisema. "Huku ndoano ya juu, huku ya chini. Na mukinyamaza, mi nitapika."

Tulitengeneza behewa hilo, tukanyamaza, akapika.

Halafu ikaja miaka ya hotuba. Redioni, na kwenye mikutano ya uwanjani, tuliambiwa kwamba taabu zote za Katanga zimeletwa na sisi watu wa Kasai, na kwamba turudi kwetu. Walituita bilulu, yaani wadudu. Karakanani tulizuiwa mlangoni, sisi tu, wengine wakapita wakitazama viatu vyao. Vijana walianza kuzunguka mitaani wakionyeshana nyumba zetu. Wenzangu waliacha vitanda na makabati, wakaenda kulala stesheni kungojea treni ya Kasai, Kasai ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona.

Bo aliacha kuja Jumapili. Sikumlaumu sana. Kuonekana uani kwangu kungeweza kumchomea nyumba. Lakini niliumia, na nilikuwa nikisikiliza mlio wa baiskeli yake kama mpumbavu.

Alikuja siku moja ya kazi, mchana. Hakukaa.

"Bo, leo sikuya juu ya treni," alisema. "Nilikuya juu ya mudogo yangu. Famiye yetu yote ilikaa, ikasema arudie kwetu. Bale bavijana banajua nyumba yako. Mi sitaweza kubazuia."

Mke wangu alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi haukusimama.

"Na batoto?" aliuliza.

"Batoto ni ba tata yabo. Unajua."

Alijua, na mimi nilijua. Kwa desturi watoto ni wa baba, kwa hiyo watoto wangu waliozaliwa na mama wa Katanga walikuwa bilulu kama mimi. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kubaki.

"Nimesikia," alisema. Bo akasema atarudi Jumamosi kumchukua, akaondoka.

Siku zilizofuata sikumuuliza mke wangu kama atabaki au atakwenda nami. Ningeuliza, angejibu. Nilianza kufunga mizigo na sikujua nafungia watu wangapi. Nilitia vikombe kwenye beseni, nikatoa cha kwake, nikakirudisha, nikakitoa tena. Mwisho niliacha beseni lilivyo, nikaenda nyuma ya jiko kutengeneza behewa la abiria.

Dunia nzima hakuna aliyelihitaji behewa lile. Nilikata madirisha kwa mkasi uliokuwa butu, nikaweka karatasi ya nailoni mahali pa vioo, nikapaka rangi iliyobaki ndani ya kopo. Mke wangu alipita na ndoo ya maji, akaniangalia, akapita. Nilimpenda yule mwanamke, na nilichoka kiasi cha kushindwa kumwambia. Uchovu ule haukutoka kwenye kazi. Ulitoka kwenye kuhesabiwa kuwa mgeni mahali ambapo unajua kila shimo la barabarani.

Labda ningepaswa kumwambia abaki. Kule stesheni watu walikuwa wakiugua matumbo, wazee walikufa kabla treni haijaja. Kaka yake alikuwa na paa, na unga kutoka mashamba ya Kasaji, na alimpenda. Kila nilipofungua mdomo nimwambie abaki, niliufunga.

Jumamosi bo alifika na baiskeli, kamba ya mpira, na gunia tupu la unga kwa ajili ya nguo za dada yake. Mke wangu alilipokea lile gunia, akaenda nyuma ya jiko. Sisi wawili tulibaki tumesimama, kila mmoja akitazama upande wake. Tulisikia bati likigongana na bati.

Alirudi na gunia limejaa, limechomoza pembe kila upande. Akaliweka miguuni pa kaka yake.

"Yaya, bitu byako njo ibi," alisema. "Nusu ulijenga wewe, na nusu ingine bo wako anakuachia. Mi ninaenda na batoto bangu na bwana yangu."

"Mudogo, haujue hata luga yabo."

"Nitajifunza."

"Batu banakufa kule stesheni."

"Nimesikia, yaya. Funga gunia yako, jua linapanda."

Nilifurahi mpaka nikaona aibu mbele ya mtu aliyekuwa akipoteza dada. Na kwa kuwa binadamu ni kitu cha ajabu, nusu ya kichwa changu ilitaka kusema kwamba behewa la abiria halijakauka rangi. Bo alilifunga gunia kwenye baiskeli taratibu, akasukuma, hakupanda.

Tulikaa stesheni chini ya turubai pamoja na wengine, tukiulizana kila asubuhi kama kuna habari ya treni. Nilidhani hatutamwona tena bo. Alikuja siku ya pili na sufuria ya bukari, yaani ugali, iliyofungwa kwa kitambaa, na sombe, na aliendelea kuja. Pale mlangoni pa stesheni vijana walimsumbua. Siku moja alifika na shati limechanika begani. Alingojea tule, akachukua sufuria, akaenda.

Treni ilipokuja ilikuwa ya mabehewa ya mizigo, ya aina niliyoitengeneza maisha yangu yote, na nilijua bila kupanda jinsi humo ndani mtakavyokuwa na joto. Bo alikuwapo. Aliwainua watoto mmoja mmoja, akapandisha beseni la vikombe, kisha akamshika dada yake mkono apande. Mimi alinishika bega.

Mke wangu hakuwa amelia hata mara moja, wala siku ya gunia, wala pale chini ya turubai. Alikaa karibu na mlango uliokuwa wazi kidogo, akamtazama kaka yake mpaka stesheni ikaisha, na nyumba za mwisho zikaisha, tukabaki na nyasi. Ndipo akaanza kulia, kwa sauti, mbele ya watu.

"Sasa hata ukinipiga," aliniambia, "hakuna mutu wa kuya kunirudisha kwetu."

Nilimwambia sijawahi kumpiga na sitampiga.

"Mi najua, tata ya batoto," alisema. "Si ile njo ninasema."