Theluji ya Mashuka Sita

Baba Mkubwa wangu ni mpiga picha, na katika nyumba yake hakuna picha hata moja ya uso wa mkewe. Wageni hudhani ni wivu. Si wivu. Ni hasira ya miaka thelathini na minane, na mwenye hasira ni Mama Mkubwa.

Siku ya harusi yao Baba Mkubwa alikataa katakata kuita mpiga picha mwingine. Wa nini, na yeye yupo? Akavaa suti, akatundika kamera shingoni, akaanza kazi: bibi harusi akishuka garini, bibi harusi akikata keki, bibi harusi na wakwe. Zilikuwa enzi za filamu za picha thelathini na sita. Yeye akapiga thelathini na sita, akapiga arobaini, akafika hamsini, na badala ya kushtuka akafurahi kwamba amepata filamu yenye baraka. Jioni alipofungua kamera aliikuta filamu imekaa pale pale alipoiweka asubuhi. Haikushika meno ya kuivuta, kwa hiyo haikusogea hata kidogo. Picha hakuna, hata moja. Mama Mkubwa hakupiga kelele. Alisema tu, "Hutanipiga tena," na mpaka leo akiona kamera anageuka. Albamu za ukoo wetu zimejaa kisogo chake. Ni kisogo kizuri, lakini kisogo ni kisogo.

Mwaka huu jicho la kulia la Baba Mkubwa limeanza kuingia ukungu. Daktari wa macho amesema la kushoto litafuata, na dawa ya kulizuia hana. Tangu hapo mzee ana wimbo mmoja: anataka kumpiga mkewe picha, moja tu, kwa mkono wake, kabla hajaanza kupapasa kuta. Amembembeleza. Amemletea gauni. Amejaribu hata kumvizia akiwa kwenye cherehani yake, nikamwambia kumvizia mtu aliyeshika mkasi si akili.

Basi likaja lile joto. Lami ilishika viatu. Redio ikatushauri tukae kivulini, kana kwamba tulikuwa tumejianika makusudi. Studio ya Baba Mkubwa ikadoda. Nani aje kupigwa picha ya pasipoti na uso unachuruzika jasho? Mimi, ninayesafisha picha kwenye kompyuta, nilikaa siku mbili nikijipepea kwa bahasha, na Baba Mkubwa akafuta lenzi isiyo na vumbi. Siku ya tatu aliingia na mashuka sita meupe yaliyoshonwa yakawa kitambaa kimoja.

"Nani kashona?" nikauliza.

"Mama yako Mkubwa. Hakuuliza ya nini, na mimi sikusema. Tunaleta theluji."

Nilifikiri ni joto limempanda kichwani. Lakini alikuwa ameshamwita mchoraji wa mabango, ambaye theluji aliwahi kuiona kwenye kalenda tu. Akatuchorea vilima vyeupe, miti iliyoinama kwa uzito na nyumba yenye moshi, vizuri kabisa, halafu kwa mazoea ya kazi akaandika namba yake ya simu juu ya paa. Namba tukaifunika kwa pamba. Muuza mitumba wa mtaa wa pili akatuazima furushi la makoti mazito yaliyomdodea, akifurahi kwamba hatimaye kuna mtu ameyagusa. Tukaweka karai la mapande ya barafu, na nyuma yake feni.

Theluji ya kudondoka ndiyo iliyotupa taabu. Siku ya kwanza tulitumia unga wa ngano. Mteja wetu alikuwa kinyozi, mtu wa jasho jingi. Unga ukamwangukia, jasho likafanya kazi yake, akatoka hapo na shingo iliyokandwa tayari kwa chapati. Tukahamia pamba. Niliichambua vipande vidogo vidogo, nikaijaza kwenye chekeche lililofungwa darini, na nikivuta kamba inashuka polepole mpaka sakafuni. Mara ya kwanza kuiona ikishuka, Baba Mkubwa alikinga kiganja kuipokea. Mimi theluji sijawahi kuiona, lakini ngozi ilinisisimka.

Picha ya kinyozi ilipozunguka kwenye simu, mama mkwe wake alimpigia akitaka kujua amesafiri lini bila kuaga. Kesho yake foleni ilifika kwa muuza magazeti. Muuguzi alikuja na sare yake, akavaa koti juu, akakumbatia karai. "Mimi picha hata isipotoka sawa," alisema, "niacheni hapa hapa." Baba Mkubwa alikuwa amerudi ujana. Anapanda kigoda, anashuka, anapiga makofi.

"Tetemeka, mama! Hapana, hiyo ni malaria. Baridi iko mabegani. Pandisha mabega! Haya, sasa cheka kama mtu aliyesikia chai imeiva."

Watu walitoka wamelowa chapachapa, wakicheka, wakirudi nyuma ya foleni wapigwe tena. Siku zile nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na kazi ile nimeifanya miaka kumi na moja bila kucheka hivyo.

Siku ya nne ya theluji yetu, saa saba mchana, foleni ilikuwa imekwenda kula. Mama Mkubwa akaingia na koti alilokuwa amelishonea vifungo. Chumba chake cha cherehani kina paa la bati, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho. Akatazama vilima. Akatazama karai. Akaketi karibu na feni, akafumba macho.

"Usimwangalie," Baba Mkubwa alininong'oneza, na yeye mwenyewe alikuwa amemkodolea macho.

Alijitia kupanga taa. Akaisogeza kamera kidogo, kidogo tena. Mama Mkubwa, macho yakiwa bado yamefumba, akageuka na kutupa kisogo.

Baba Mkubwa alinywea. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia Mama Mkubwa pia. Mzee akaacha ujanja wote.

"Mke wangu, nakuomba. Moja tu. Macho yananiacha, wewe unajua. Nimepiga nyuso za mji mzima, wako sina. Na hii haina filamu, haiwezi kukosea kama ile."

"Filamu!" Mama Mkubwa aligeuka. "Miaka yote hii unadhani nimekasirikia filamu?"

"Si ndiyo?"

"Filamu ni kitu gani? Siku ile nilisimama peke yangu kutwa nzima. Nikimtafuta mume, naona kamera. Keki nimekata mimi na kamera. Mama yangu ananiuliza, 'Bwana harusi yuko wapi?' Nimwonyeshe nini? Nilikuonyesha wewe, umejikunja nyuma ya maua, jicho moja limefumba."

Kila Baba Mkubwa aliponunua kamera mpya alimpelekea mkewe aione, akimweleza jinsi hii isivyoweza kuharibika. Kumbe kila mara alikuwa anamtonesha kidonda.

Akashika mkanda, akauvua shingoni, akaitazama kamera kwa jicho lake zima. Halafu akanipa.

"Nilitaka niipige mimi," alisema, si kwa kulalamika.

"Najua," akasema Mama Mkubwa. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Vaa koti."

Wakasimama mbele ya mashuka, yeye kwenye koti la kijivu linaloburuzika chini, Mama Mkubwa kwenye la bluu lenye vifungo vipya. Mtu aliyepanga mikono ya maelfu ya watu hakujua pa kuweka yake. Akaificha mgongoni, akaitoa, akaitia mifukoni.

"Niweke wapi?" akauliza.

Mama Mkubwa akauchukua mmoja, akaushika.

Nikavuta kamba. Nilivuta vibaya, kwa haraka, na chekeche zima likapinduka likawamwagia pamba yote kwa mpigo, vichwani, mabegani, kwenye masharubu ya mzee. Mama Mkubwa akaangua kicheko ambacho sijapata kukisikia nyumbani kwao. Uso wake wote ulikuwa mbele yangu, meno, vishimo vya mashavu na vyote, na Baba Mkubwa amesimama sentimita kumi kutoka kwake akimtazama. Nikapiga. Nililia, na sitasingizia jasho.

"Tayari," nikasema.

Hawakusogea. Barafu ilikuwa imekwisha karaini, na jasho liliwatiririka mpaka kwenye kola.

"Baba Mkubwa, tayari. Mnaweza kuvua makoti."

"Tumesikia," Mama Mkubwa akajibu, bila kuuachia mkono. "Piga nyingine."