Mbeleko Yenye Pindo Jekundu

Siku moja kabla ya moshi nilikuwa nimekaa uani kwa baba yangu, kijijini Bugeshi, nikimenya kiazi cha moto na kuchekwa. Kuchekwa nilikuwa nimezoea. Ndugu zangu walichunga ng'ombe chini ya volkano, mimi nikateremka Gisenyi mjini kuwa fundi cherehani, kukaa kitako kutwa nzima nikitia uzi kwenye sindano, na kwao hiyo haikuwa kazi ya mtu mwenye ndevu. Mke wangu Zaina, binti wa Kiislamu wa watu wa biashara, alikulia mjini na Kinyarwanda chake kilikuwa cha kubahatisha. Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, na pale uani hakuna mwingine aliyekielewa.

Tulikuwa tumepanda kumwonyesha baba mtoto wetu wa kwanza, msichana wa wiki tatu. Mbeleko yake niliishona mwenyewe, kwa kitambaa cha kaki kilichobaki kwenye suruali ya mteja. Uzi wa kaki ulikwisha kabla sijamaliza, kwa hiyo pindo nikalishona kwa uzi mwekundu. Kaka yangu mkubwa, Gaspari, aliichukua ile mbeleko, akaigeuzageuza, akaniuliza kama na kunyonyesha nitanyonyesha mwenyewe. Wote walicheka, nami nikacheka. Baridi haikuwa kali siku ile, na viazi vilikuwa vipya.

Niseme jambo moja, maana vijana wa leo hawalijui. Kwetu mwanaume aliweza kumpakata mwanawe ndani ya nyumba, tena kwa muda mfupi. Kumfunga mgongoni akatoka naye njiani, hapana. Sikuwahi kumwona aliyefanya hivyo, wala sikuwahi kusikia mtu akieleza kwa nini.

Ulikuwa mwisho wa miaka ya hamsini. Tulikuwa tumesikia kwamba nyumba za Watutsi zinachomwa sehemu nyingine za nchi. Sisi tulikuwa Watutsi, lakini tulidhani kwetu ni mbali.

Kesho yake asubuhi moshi ulionekana kilima cha pili. Kisha zikasikika filimbi za wachomaji.

Wanawake wa pale nyumbani walichukua watoto wakakimbilia misheni. Gaspari akagawa mikuki. Mimi nilipewa wa baba, ambaye hakuweza tena kuushika. Zaina alinivuta nyuma ya nyumba. Alitaka kushuka mjini kwa mama yake, ambako aliamini hakuna atakayemgusa. Uso wake haukuwa na rangi.

"Damu ya uzazi imerudia tangu asubuhi," akasema. "Mi sina nguvu. Ubebe mutoto, twende wote."

"Mbele ya bandugu yangu?"

"Bandugu yako iko na mikuki. Mi niko na nani?"

Gaspari alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Hakuelewa maneno, lakini mbeleko niliyonyooshewa aliiona. Akasema kwa Kinyarwanda, bila kupaza sauti, kwamba wanaume wanabaki.

Nikamwambia Zaina, "Tangulia. Nitakukuta njiani."

"Bon," akasema, yaani haya.

Alimfunga mtoto mwenyewe, akaondoka akijishikiza kwenye ua kwa mkono mmoja.

Tulisimama na mikuki yetu, wanaume watano na mzee mmoja.

Filimbi zikakaribia.

Walitokea juu ya shamba la viazi, wengi, wamebeba mapanga na mienge.

Gaspari aliwatazama kidogo tu. Akasema, "Kimbieni."

Hatukurusha mkuki hata mmoja. Yeye na mwingine walimkokota baba, sisi wengine tukatumbukia bondeni, na nilipogeuka paa lilikuwa linawaka. Wanaume walikuwa wamebaki kwa muda ambao hata chungu cha maharage kisingechemka.

Tulijificha kwenye mawe ya volkano mpaka jua lilipoanza kushuka, halafu tukakatia mashambani, tukaingia njia ya mjini kwa chini. Nilikuwa namtafuta Zaina kila kona, na kila kona nikajiambia ameshafika kwa mama yake. Karibu na nyumba za kwanza za mji tulimwona mwanaume mbele yetu, mpagazi wa viazi kwa mavazi yake, anatembea ameinama, na mgongoni amefunga mtoto.

"Mtazameni," Gaspari akasema. "Mwanamke mwenye ndevu."

Nilicheka. Nilicheka kwa sababu nilikuwa hai, na kwa sababu safari hii anayechekwa hakuwa fundi.

Kisha nikaliona pindo jekundu.

Yule mtu aligeuka niliposhika mbeleko. Hakukasirika. Aliponisikia nikilia jina la Zaina, alinijibu kwa Kiswahili cha wabeba mizigo.

"Mama yake iko kule juu, pembeni ya njia. Damu mingi. Nilitaka kumubeba yeye, akakatala. Akasema, beba mutoto." Akamfungua mtoto taratibu. "Singeweza kubeba bawili, ndugu yangu."

Nilimshika mwanangu. Alikuwa amelala.

"Leo asubuhi kundi ilipita kwetu, inachukua mwanaume moja kila nyumba," akaendelea. "Nikakatala kwenda kuchoma. Bakaniita mwanamke. Sasa hii ni mara ya pili." Alimtazama Gaspari, akaenda zake. Jina lake sikumwuliza.

Zaina nilimkuta kabla giza halijaingia. Alikuwa amekaa, ameegemea jiwe, na kanga yake ameikunja vizuri chini ya miguu. Njia aliyotembea peke yake ningeitembea mimi na mtoto mgongoni bila kuchoka. Nimeipima mara nyingi kichwani, na kila mara ni fupi.

Tulivuka mpaka kwenda Goma, Kongo, wiki ileile, mimi, mtoto na mama mkwe. Gaspari alikufa kitandani, uzeeni, akiheshimiwa. Sikumlaumu hadharani. Mbeleko ilikuwa mkononi mwangu, si mwake.

Binti yangu sasa ana wajukuu. Anajua kwamba mama yake alifia njiani na kwamba mtu asiyemjua ndiye aliyembeba. Mwezi uliopita walikuja wageni, wakaniuliza habari za siku zile. Nilikuwa nimechoka. Akajibu yeye, mkono wake begani mwangu, anajivuna.

"Baba yangu mwanaume kweli," akawaambia. "Alibaki kupigana."

Wageni wakanitazama kwa heshima. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.