Fundi Aliyekuwa Mrefu

Mwezi uliopita, kwenye zahanati moja ya mtaa wa Jericho, fundi wa nguo aliingia kwa daktari amejishika kiuno. Mlango ulibaki wazi, nasi wa foleni tukasikia yote. Miaka mitatu alikuwa amechuliwa, amefukizwa na kuombewa, akidhani amerogwa, lakini mgongo haukupona. Daktari, mama mpole, alimpima miguu, akaona haina ganzi wala udhaifu.

"Baba, hebu keti kama uko kwa cherehani."

Fundi akachuchumaa, kidevu karibu na magoti.

"Mbona chini hivyo?"

"Kiti ni cha marehemu aliyenifundisha kazi. Nilikirithi miaka mitatu iliyopita. Alikuwa mfupi sana, daktari."

Foleni nzima ilicheka, na fundi pia, huku akiguna kwa maumivu. Aliambiwa atafute kiti kirefu, asimame kila anapomaliza vazi, na afanye mazoezi ya mgongo asubuhi na jioni.

Juzi nilimkuta kibandani kwake akicheza rumba ya redioni, wateja wakipiga makofi. Ugonjwa aliowasingizia wachawi alikuwa ameukalia.

Mkewe alimtazama kutoka miguuni hadi utosini. "Nilikuwa nimesahau," akaniambia, "kwamba niliolewa na mtu mrefu."