Fabiola Aliyefunga Simu

Sisi wavuvi wa taa, mwezi ukijaa tunageuka watu wa nchi kavu. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, hawafuati taa zetu wakati mbinguni kuna taa kubwa kuliko ya kwetu, basi tunavuta mitumbwi kwenye mchanga wa Kalundu, tunashona nyavu na kugombana na wake zetu. Mimi mke wangu yuko ng'ambo ya Ruzizi, Burundi, pamoja na mtoto wetu Divine, tangu siku vita vilipoingia na mji wote ukakimbia, kwa hiyo sina wa kugombana naye. Nakaa mlangoni na batri ya taa zangu, sote wawili hatuna kazi. Na ni batri hiyo iliyonifanya nimjue Fabiola.

Tulikuwa majirani siku nyingi bila kujuana. Parsele yetu, yaani kiwanja tunachokaa, ilikuwa na vyumba vya kupanga vilivyojaa watu, na baada ya watu kuvuka mto ilibaki kama kinywa cha mzee: jino huku, jino kule. Mimi nilibaki chumba cha mbele, yeye cha nyuma karibu na choo. Ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari ambayo haina kompyuta hata moja. Huichora ubaoni kwa chaki, na wanafunzi wanajifunza kuiwasha kwa kuitazama. Ana miaka thelathini na kitu, hana mume, na kwetu mwanamke wa hivyo akiishi peke yake hupata ushauri kwa kila mtu na chakula kwa wachache.

Mwezi ulipokaribia kujaa alikuja kubisha mlangoni kwangu.

"Papa Divine, ile batri yenu munaitumikisha mu hii mwezi mukubwa?"

"Inalala tu. Weye unataka kuwasha nini?"

"Simu."

"Simu moja, batri muzima?"

"Simu, na kompyuta yenye iko ndani ya simu."

Nilidhani upweke umempanda kichwani. Hata hivyo nilimbebea batri mpaka chumbani kwake, maana udadisi nao ni mzigo. Kompyuta yake ya kweli ilichukuliwa wakati wa vurugu, pamoja na godoro na mlango. Simu aliiokoa kwa kuificha ndani ya unga wa muhogo. Sasa ndani ya simu hiyo ya Android alikuwa ameweka kompyuta nzima isiyo na mwili, inayokwenda kwa mfumo wa Linux, yenye diski yake na kumbukumbu yake, na yenyewe inaamini imekaa mezani kwa mtu. Aliniwashia nione. Kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakaanza kuteremka, na yaliendelea kuteremka mpaka nikachoka kusimama.

"Ni sawa mupangaji," akasema, "mwenye amepanga chumba ndani ya chumba ya mupangaji mwengine."

"Na mwenye nyumba akikosa nafasi?"

"Anamufukuza. Hamuambii hata."

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Simu yenyewe ni ya bei rahisi, kumbukumbu yake ndogo. Mtu akimpigia, simu inatafuta nafasi ya kupokea, na wa kwanza kutupwa nje ni yule mpangaji wa ndani. Linux inaanguka, na kazi yote ambayo hakuwahi kuihifadhi inaanguka nayo.

Na kazi aliyokuwa nayo haikuwa mchezo. Baba yake, Mwalimu Thaddée wa Nyakabere, alikuwa mwongozaji wa kwaya ya parokia, mtunzi wa nyimbo ambazo hata sisi wavuvi tunaziimba tukivuta wavu bila kujua ni za nani. Alikufa mwaka uliopita, na siku ya kuondoa matanga yake ilikuwa inakaribia. Mama, Apollinarie, alikuwa ng'ambo kwa dada yake, na kwaya yote imetawanyika kule Burundi. Fabiola alitaka siku hiyo mama awekewe mikononi kitabu cha nyimbo zote za mumewe, kimepigwa chapa, sauti nne zote zimeandikwa. Programu ya kuandika nota aliyojifunza chuoni haikubali kukaa kwenye simu. Inataka kompyuta. Ndiyo maana akaijenga kompyuta mle ndani.

Kulikuwa na tundu moja. Thaddée aliacha karatasi zenye sauti ya kwanza, ya tatu na ya nne. Ya pili hakuwahi kuiandika maisha yake yote, kwa sababu aliyeiongoza ni mkewe, na mkewe aliitoa kichwani mwake.

"Kwa nini ataandika sauti yenye analala nayo nyumba moja?" Fabiola akasema, na nikamwona akitabasamu.

"Basi umuulize mama yako."

"Sitaki ajue mbele ya ile siku. Tena nikimupigia, yeye analia, minye nalia, unite za kupiga zinaisha, na hakuna kitu tumesema."

Yeye mwenyewe ameimba sauti ya kwanza tangu utotoni. Aliniambia kwamba mwenye kuimba ya kwanza haisikii ya pili, anajua tu kwamba ipo na inamshika asianguke. Kwa hiyo alikuwa anaitafuta kwa kubahatisha, nota kwa nota. Ili Linux isianguke kila mara, akakata rezo, yaani mtandao, simu ya mtu ikawa haiingii wala haitoki.

"Na batu wakikutafuta?" nikamuuliza.

"Nani ananitafuta, Papa Divine? Ni watu wa kuuza unite tu ndio wananiandikia."

Alilisema bila kulalamika, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi mwezi ukawa mkubwa na Fabiola akajifungia. Simu ilikuwa inapata moto, akawa anailaza juu ya kifuniko cha sufuria yenye maji baridi, waya wa batri yangu umeingia ubavuni mwake. Kutoka mlangoni kwangu nilisikia ile mashine ikiimba mstari mmoja kwa sauti ya mbu, kisha Fabiola akiufuata polepole, kisha kimya. Anafuta. Anaanza tena. Nilimpelekea ugali na ndagala wakavu, akala macho yakiwa kwenye kioo. Nilimwonea huruma, na nikirudi kwenye mlango wangu nilijionea na mimi mwenyewe.

Siku hizo zilisikika bunduki milimani, upande wa Bijombo, mbali sana. Sisi huku tulitega sikio kidogo tukaendelea kushona nyavu. Lakini habari ikivuka Ruzizi hunenepa.

Mwezi ulipoanza kupungua nikaenda alasiri kuchukua batri yangu, maana ziwa lilikuwa linaniita. Nilimkuta amechoka lakini uso umekunjuka. Alibakiwa na wimbo mmoja, wimbo wa mavuno, ule wa Nyakabere. Akachomoa waya, akanishukuru, akarudisha rezo.

Simu ilianza kutetemeka. Ilitetemeka mpaka ikatembea juu ya kifuniko, nikaidaka isianguke majini. Ujumbe ulikuwa unaingia bila kupumzika. Fabiola alisoma, akasoma tena, kisha akanipa nisome. Kulikuwa na picha yake mwenyewe, amevaa gauni la bluu, mshumaa umechorwa pembeni, na chini yake maneno: Pumzika kwa amani, Fabiola wetu.

Mgeni anaweza kucheka. Lakini kwetu siku hizi, simu ikikaa imefungwa wakati bunduki zinalia, hakuna anayefikiri habari ya batri. Mama alikuwa amepiga na kupiga, akijibiwa na yule mwanamke wa mashine mwenye Kifaransa kizuri. Mjomba wake, Nizigama, akaenda kuuliza mpakani, akakutana na mtu aliyesema Kalundu watu wamekufa. Ikatosha. Apollinarie akakaa chini kwenye mkeka, na wanakwaya wakatoka kila walikotawanyika wakaja kulia naye.

Fabiola alianza kwa kucheka. Mkuu wa shule, asiyeitikia salamu yake asubuhi, alikuwa ameandika kwamba shule imepoteza nguzo. Sévère fulani, aliyeahidi kwenda kujitambulisha kwao na hajafika mpaka leo, aliandika kwamba moyo wake umezikwa pamoja naye. Wanafunzi, mashemeji, watu aliosoma nao, kila mmoja na kumbukumbu yake tamu. Aliendelea kusoma na kicheko kikaisha.

"Papa Divine," akasema, "hawa batu bote walikuwa wapi?"

Na mimi nilikuwa jirani yake.

Akapiga kwa mama. Sauti ilikuwa wazi, na nyuma yake watu wengi.

"Mama, ni minye."

Mama akasema polepole, bila hasira:

"Weye mwenye ulichukua simu ya mutoto wangu, Mungu anakuona. Simu ubakie nayo. Uniambie tu mwili wake mulitupa wapi."

"Mama, ni minye Fabiola. Niko muzima. Nilifunga simu sababu ya kazi, kuko kompyuta nimeweka ndani ya simu, kama rezo iko inakuwa..."

"Fabiola hawezi kufunga simu mu vita sababu ya kompyuta. Iko na akili, ule mutoto."

Hapo nilitamani kumuunga mkono mama, nikajizuia. Fabiola aliangalia ukuta. Kisha akafumba macho akaanza ule wimbo wa mavuno, sauti ya kwanza, nyembamba, peke yake. Akaimba mstari wa kwanza, ng'ambo hakuna kitu. Akaimba wa pili, sauti ikimkatikia katikati, akaiokota akaendelea.

Kwenye mstari wa tatu mama akaingia. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia, lakini iliingia chini ya ya mwanawe bila kutafuta njia, ikamshika. Nyuma yao wale waombolezaji wakanyamaza, kisha mwanamume mmoja akatia ya nne. Mimi nota sizijui, najua kamba na maji tu, ila nilitoka nje nikasimama kwenye jua kwa sababu uso wangu haukuwa wa kuonyesha watu. Baadaye Fabiola aliniambia kwamba sauti ya pili aliyokuwa ameibahatisha siku zote zile ilikuwa na makosa karibu kila mahali.

Wimbo ulipoisha mama akasema, "Fabiola."

"Niko, Mama."

"Nilisha kukulilia. Machozi ya baba yako na yako, yote nilimaliza. Ile kazi ilikuwa ya nini?"

"Kuandika nyimbo za Papa. Ya matanga."

"Papa yako iko mu udongo wa Nyakabere, haendi fasi yoyote. Ni ile ilifanya ufunge simu?" Akapumua. "Na weye, kule peke yako, nani anaimba na weye?"

Unite ziliisha kabla Fabiola hajajibu, na simu ikanyamaza mkononi mwake. Linux ilikuwa imeanguka tangu alipopiga, pamoja na wimbo wa mavuno ambao hakuuhifadhi. Hakuiwasha tena siku ile. Nilimwachia batri usiku mmoja zaidi, ndagala wakanisubiri.

Matanga ya baba yake yaliondolewa bila kitabu, maana sauti ya pili ilitaka kuandikwa upya. Wale waliomlilia kwa maneno matamu walifurahi kusikia yuko hai, wakafuta ile picha ya mshumaa, na mpaka leo hawampigii. Mkuu wa shule bado haitikii salamu. Ni mama tu. Anapiga asubuhi kuuliza kama amekula, anapiga mchana kuuliza amekula nini, anapiga jioni kuuliza kwa nini amekula hicho tu. Kila akipiga, mpangaji wa ndani anafukuzwa, na kazi inarudi nyuma hatua kadhaa. Nilimshauri akate rezo hata saa moja tu. Aliniangalia kama nimemtukana.

Mwezi huu umejaa tena na batri iko kwake. Jana mchana nilipita mlangoni, maandishi meupe yanateremka, yanateremka, amekaza macho akingoja. Yalipokaribia kufika mwisho, simu ikalia.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Nimekula."