Moto Juu ya Mwamba wa Kupuria

Watu wanaokuja kupumzika kwangu huuliza swali moja kabla hata ya kushusha mabegi: nani alijenga hapa? Huwa nawajibu bila aibu. Nilijenga mimi. Darasa la nne sikulimaliza, lakini vyumba vyote sita, na baraza lile linalotazama bonde la Wembere, nilivichora kwa kijiti mchangani na fundi akafuata. Wapo wenye vyeti vya kujaza ukuta mzima, ila ukuta wenyewe hawana.

Mawe ndiyo yaliyonitoa. Ujanani nilikuwa napasua majabali kwenye vilima vya chini, nauza kokoto kwa watu wa ujenzi. Ufundi wenyewe ni moto. Unawasha kuni juu ya jabali, linapata joto, linaanza kubanduka magamba kama kitunguu, kisha nyundo inamalizia. Katika kazi ile hakuna aliyenishinda masikio. Nikiligonga jiwe mara moja tu najua gamba limeachia wapi. Nilinunua pikipiki kwa masikio haya, na kiwanja, na mabati.

Kilima chetu kiko juu ya Misigiri. Unaacha lami, unapanda kwa pikipiki au gari lenye nguvu, na ukifika unatafuta sweta. Wakazi ni wachache, kiasi kwamba nikichinja kuku wawili kila nyumba inajua nina wageni wangapi. Na karibu kila nyumba ina mkono wake kwangu. Yupo mama anayeleta maji kwa punda, yupo wa maziwa, wa asali, wa kuku, wa mlenda. Jikoni yupo shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, ndiye aliyenilea. Wageni husema wanarudi kwa ajili ya hewa. Waongo hao. Wanarudi kwa ajili ya ugali wa mtama wa shangazi.

Sasa, mbele ya baraza langu kuna mwamba. Mpana, bapa, umelala kama mkeka. Hauna mwenyewe. Wanawake wote wa kilimani, wa kanisani na wa msikitini, wanapuria hapo mtama na uwele wakati wa mavuno, maana kwingine kote ni udongo mtupu. Zamu haziandikwi popote. Mwenye zamu ya kesho anaacha ufagio wake wa vijiti katikati ya mwamba jioni, basi. Ufagio wa nani ni upi, hata watoto wanajua, na hakuna anayeugusa.

Mwaka juzi, Julai, mtama ukiwa unaingia kutoka mashambani, nilipata wageni: mstaafu mmoja kutoka Dodoma, mkewe, na wajukuu wao. Wajukuu walitaka kuota moto. Yule bibi akaunyooshea mwamba kidole.

"Pale pangependeza sana," alisema.

"Mama, huku kwangu hakuna kinachoshindikana," nikamjibu.

Ufagio wa shangazi ulikuwa pale katikati. Niliusogeza kwa mguu. Nasema kweli, kwa mguu. Shangazi akatokeza kichwa mlangoni mwa jiko.

"Wewe! Moto juu ya mwamba?"

"Moto mdogo tu, shangazi. Wa watoto."

"Mdogo kama ule uliokununulia pikipiki?"

Wageni walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikaongeza kuni.

Tuliwasha jioni tatu. Kila asubuhi nilizoa majivu, na wanawake wakaendelea kupura kama kawaida. Niliona jiwe limebadilika rangi mahali pale. Sikuligonga. Mtu mwingine angeweza kusema hakujua, ila mimi sikuligonga kwa sababu nilijua litanijibu nini.

Siku chache baadaye mtama mpya ulikuwa umesagwa na ugali umefika mezani. Yule mstaafu alitafuna tonge la pili, tukasikia *kruu*. Akatia vidole mdomoni, akatoa kitu, akakiweka pembeni mwa sahani.

"Bwana, si ulituambia ulianza na kokoto?"

"Ndiyo, mzee."

"Naona biashara bado hujaiacha."

Nilikwenda jikoni nimevimba, na Mungu anisamehe, nikaanza kumfokea aliyenilea kwamba unga haukuchekechwa. Shangazi alichota mtama ambao haujasagwa, akaupepeta kwenye ungo, akanisogezea. Chini ya punje palibaki vipande vidogo, vyembamba, vinameta.

"Huu si mchanga wa shambani," alisema. "Unautambua, au nikueleze?"

Magamba yale nimeyauza ujana wangu wote.

"Kilima kizima kinatafuna mawe, mwanangu. Wenzangu wamekubaliana tangu jana. Mtama uliobaki tunaupeleka kwenye mwamba wa kule bondeni, keshokutwa."

"Kule ni mwendo wa nusu siku, na mizigo!"

"Tutalala huko huko mpaka tumalize. Tukipaona pazuri, tutakuwa tunapura huko kila mwaka. Na mimi nakwenda."

"Na wageni?"

"Wapikie. Si huku kwako hakuna kinachoshindikana?"

Usiku ule usingizi ulikuwa mwembamba. Nilifanya hesabu ambayo haihitaji shule: mama wa punda akishuka, maji hakuna. Wa kuku akishuka, kitoweo hakuna. Shangazi akishuka, nabaki na vyumba sita na upepo. Na wakizoea kule chini kila mavuno, wakati ule ule ambao wageni wanapanda, basi nimejifungia biashara kwa mkono wangu. Lakini hilo halikuniuma kama kufikiria shangazi, na magoti yake yale, akishuka kile kilima na gunia kichwani.

Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akasema, "Marahaba," akaendelea kuosha vyombo. Kwa kawaida marahaba yake huwa na maswali sita nyuma yake.

Nilichukua nyundo ndogo, nikapiga magoti mwambani. Nilianzia palipoungua, nikaenda shubiri kwa shubiri. Jiwe zima linaita kama kengele. Lililoachia linajibu kama debe tupu. Kila lilipojibu debe nilichora kwa mkaa, kisha nikachonga, nikabandua gamba, nikagonga tena mpaka liite. Mstaafu alikuwa barazani na chai yake.

"Bwana mkubwa, umepoteza pete?"

"Nimepoteza zaidi ya hiyo, mzee."

Wanawake nao wakaanza kupita, mmoja mmoja, kumbe wanaitana. Nilipofika hatua ya kumwaga maji na kusugua, maji niliyoyabeba mwenyewe, mama wa punda hakuweza kujizuia.

"Jamani, bosi anauogesha mwamba!"

"Msugue na nyuma ya masikio, bosi!" mwingine akadakia.

Niliendelea. Na niwaambie, hakuna mtu kati ya Misigiri na Singida mjini ambaye angeifanya kazi ile kama nilivyoifanya. Magoti yalitoka damu, ila kazi ilikuwa safi.

Jioni, jiwe likiwa limekauka, shangazi alikuja na ungo na masuke machache. Aliyapura kwa viganja pale pale palipoungua, akakusanya, akapepeta, akatia punje mdomoni. Meno yake yamebaki machache, anachagua pa kutafunia. Nimewahi kusimama mbele ya wakubwa ofisini nikisubiri kibali, na sikutoka jasho. Pale lilinitoka.

Alimeza. Hakusifu. Alinyoosha mguu akagusa sehemu karibu na ufa mmoja mdogo.

"Hapa umeacha kidogo."

Nikapiga magoti, nikagonga. Debe. Nikabandua, nikafagia, nikanyanyua kichwa. Alikuwa ameshaondoka kuelekea jikoni, na wenzake wamesimama wakitazama mlango ule. Nikasema moyoni, basi tena.

Akarudi na ufagio wake. Aliuweka katikati ya mwamba, pale pale nilipouondoa kwa mguu.

"Kesho usinipangie viti vyako hapa," alisema. "Nina kazi."

Mama wa punda aliguna, akasema kama ni hivyo keshokutwa ni zamu yake.

Moto wa wageni siku hizi nauwasha uani, ndani ya pipa lililokatwa. Mwambani pamebaki kishimo kipana, laini, kama sahani. Wageni hukishangaa, huuliza nani alikichonga. Huwa nawajibu bila aibu: nilichonga mimi, kwa magoti haya. Ndipo sauti hutoka jikoni:

"Waambie na sababu."