Maji kwa Wageni wa Nyotani

Mjukuu wangu ana ugonjwa wa filamu za viumbe kutoka nyotani. Akirudi shule hapa Runzewe, hata viatu hajavua, amekwishawasha luninga, na sebule yangu inajaa vyombo vinavyoshuka angani, wanasayansi wanaokimbizana na majenerali wanaopiga meza. Mimi hukaa kando nikichagua mchele, najifanya sitazami. Juzijuzi, katikati ya milipuko yake hiyo, aligeuka akaniuliza, "Bibi, hivi wakija kweli tutafanyaje?" Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Swali hilo lilinifikia nikiwa mdogo kuliko yeye, na tulikuwa na jibu tuliloliamini kabisa, mimi na bibi yangu.

Kama ulisoma shule za vijijini miaka ile ya sabini, utaikumbuka pamba. Kila shule ilikuwa na shamba lake, na baada ya kuvuna tulikaa chini kuichambua, safi huku, fifi, ile chafu, kule, vumbi likituwasha pua mpaka darasa zima linapiga chafya. Mwalimu wetu, kijana mwembamba aliyeletwa kutoka Pwani, aligundua kwamba watoto wakisimuliwa hadithi mikono yao haichoki. Alikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza kisicho na jalada, nyuma kimeliwa na mchwa. Alisoma ukurasa kimoyomoyo, akatazama dari, kisha akatutolea kwa Kiswahili chake kitamu, na sisi tukasahau hata njaa.

Ilikuwa hivi. Nuru ilionekana nyuma ya nyota, ikawa inakua. Wataalamu wakapima, wakasema inakuja huku kwetu. Kisha chombo kikubwa kama kilima kikatua mbugani, kikakaa kimya. Kila jioni kilitoa mlio mmoja mrefu, na kila kilipolia, mto wa jirani ulipungua maji. Majeshi yakakizunguka. Fundi mmoja wa redio akawasihi wakubwa wasifyatue, akasema mlio ule ni maneno, wamwache kwanza ayaelewe. Wakubwa wakampa siku chache, na hapo ndipo Mwalimu alipofunga kitabu kila mara, tukabaki tumekodoa macho na pamba mikononi.

Nyumbani nilikuwa na deni la hadithi hiyo kwa Bibi. Ndiye aliyenilea. Mji wetu, yaani boma letu, ulikuwa peke yake porini, upande wa Nyarugusu, umezungushiwa ua wa minyaa, na zizi katikati. Babu alizikwa humo zizini, kama walivyozikwa wenye miji wa Kisukuma, ng'ombe wakilala juu yake kila siku. Bibi hakujua Kiswahili zaidi ya karibu na asante, kwa hiyo jioni, michembe ya viazi vikavu ikichemka na harufu yake tamu ikijaa jikoni, mimi nilimsimulia kwa Kisukuma. Chombo nilikiita nyumba inayoruka. Hakushangaa hata kidogo. Alichotaka kujua kilikuwa kimoja.

"Wamepewa maji?"

Nikamwambia hapana, Bibi, wamezungukwa na bunduki. Akasonya. Kesho yake akauliza tena, na keshokutwa. Alikasirika kweli, si na wageni bali na wenyeji wao. Alisema watu wale hawakufunzwa na mama zao, basi waache wafunzwe na ulimwengu. Kwake mgeni hakuulizwa anatoka wapi wala anataka nini. Alisalimiwa, akapewa kigoda, akapewa maji. "Mtu akishakunywa maji ya mji wako," aliniambia, "hawezi kuubomoa. Hata akitaka, mkono wake utamkatalia." Mimi niliamini. Nilitamani kumwandikia yule fundi wa redio.

Mwaka huohuo, jirani yetu mwenye redio, naye alikaa mbali kidogo ng'ambo ya korongo, alikuja na habari kwamba wote tutahamia kijiji kipya kando ya barabara. Kutakuwa na kisima, zahanati, shule ya karibu. Sitakudanganya, mimi nilifurahi, maana shule niliiendea kwa miguu mpaka nyayo zikapasuka. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na huyu wa zizini nimwachie nani?" Jirani akainamisha kichwa. Akasema watu wa kutuhamisha watakuja na malori baada ya mavuno, labda azungumze nao wenyewe. Basi Bibi akaanza kuwasubiri. Alifinyanga mtungi mpya, akaufukiza vizuri maji yapate harufu, akachagua kibuyu kizuri kuliko vyote. Kila asubuhi alimwaga maji ya jana akateka mapya.

Walikuja alasiri moja ya kiangazi. Vumbi lilikuwa zito mpaka malori yaliwasha taa mchana, na mimi nilipoona zile nuru zikikua nyuma ya miti, nilikimbilia nyuma ya Bibi. Ng'ombe walilia. Wakashuka vijana wengi, na kiongozi wao, kijana mwenye kofia na shati la mifuko, akasimama langoni. Bibi akatoka na kibuyu, akapiga magoti kama wanawake wetu wanavyosalimia, akasema, "Mwadila, baba." Kijana akatazama pembeni. Akasema kwa Kiswahili tutoe vyombo, lori halisubiri.

Bibi akanigeukia. Uso wake ulikuwa mtulivu, hata ulikuwa na furaha kidogo, kwa kuwa sasa alielewa tatizo. "Hajui lugha," akasema. "Mwambie wewe."

Basi nikasimama katikati yao, mimi mtoto wa shule mwenye gauni moja, nikatafsiri kwa Kiswahili safi cha Mwalimu. Nikasema, shikamoo. Bibi anawakaribisha. Anaomba mnywe maji kwanza, kisha mzungumze, kwa sababu mume wake amelala humu zizini na hawezi kumwacha. Nilisema vizuri. Nimeyarudia maneno yale miaka yote hii na sijaona kosa.

Kijana alinitazama, akamtazama Bibi. Akavua kofia. Akachutama mpaka macho yao yakawa sawa, na akasema kwa Kisukuma, Kisukuma cha nyumbani kabisa, kile cha upande wa Shinyanga, "Nimekusikia tangu mwanzo, mama. Nikiyanywa sitaweza."

Kibuyu kilibaki mikononi mwa Bibi. Kijana akavaa kofia, akawapungia wenzake, nao wakapanda juu ya paa wakaanza kung'oa nyasi. Hakuna aliyetupiga wala kututukana. Walibeba hata mafiga yetu, mmoja akambeba Bibi mwenyewe mpaka kwenye lori, taratibu kama yai. Kabla hajabebwa alikiweka kibuyu langoni, kikiwa kimejaa, akakiegemeza vizuri kisimwagike.

Kijiji kipya kilikuwa na shule ya karibu, ni kweli, na baadaye kisima pia. Mwalimu alihamishwa, akaondoka na kitabu chake. Alituambia siku ya mwisho kwamba kurasa zile zilizoliwa alizitafuta mjini akazikosa, kwa hiyo hata yeye hakujua wageni wale walitaka nini. Nilikimbia nyumbani kumweleza Bibi. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza kisicho na minyaa, akitazama barabara. Akasema nisimsimulie tena, ng'wanawane, mwanangu, hadithi hiyo anaijua. Masika yaliyofuata tukamzika kando ya barabara, mbali na mumewe, na malori yanapita mpaka leo.

Baada ya swali la mjukuu wangu sikulala vizuri. Nikamwomba anipeleke kwenye mji wetu wa zamani kwa pikipiki. Nilikwenda kulaani, nisikufiche. Nilikuwa nimesikia kwamba wachimbaji wa dhahabu wamefika huko na nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Tulikuta kweli hakuna kitu. Mti mmoja wa mnyaa, na pale palipokuwa zizi, duara, shimo lao la kuchimbia, limeshuka chini hata mwisho wake hauonekani, na kamba inaning'inia. Mifupa ya Babu sikuiulizia. Ningemwuliza nani, na angejuaje?

Akapanda kwa kamba kutoka shimoni kijana mmoja, uso wote tope, taa inawaka kwenye paji la uso. Mjukuu wangu akarudi nyuma hatua. Yule kijana akazima taa, akafuta mikono kwenye kaptura, akasema, "Shikamoo, Bibi. Jua kali hili." Hakuniuliza natoka wapi wala nataka nini. Alikwenda kivulini, akaleta ndoo ya kukalia akaigeuza, kisha akaleta maji kwenye kikombe cha plastiki, akanipa kwa mikono miwili, ameinama.

Nilikishika kile kikombe kwa muda mrefu. Nilimkumbuka yule kijana wa kofia, ambaye kama yu hai ni mzee kama mimi, na kwa mara ya kwanza nilijua uzito wa alichokikataa. Laana zangu zote zilikuwa mdomoni, tayari.

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikayanywa.