Majani ya Chini ya Kovu

Dada mtu alikuwa fundi wa kuunganisha miche ya matufaha, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Lakini marehemu baba alipogawa bustani, ule mti mnene wa mlango wa jikoni alimwachia kitinda mimba, mtu asiyejua hata kushika mkasi wa kupogolea! Fundi aliachiwa mwingine wa kando, na tangu hapo alikuwa na donge. Mdogo wake akisifiwa matunda, yeye huinuka akaondoka.

Siku moja akaja mtaalamu wa mimea, akiisaka Shavu-la-Bibi, aina ya tufaha ambayo marehemu mama yao aliipenda na watu wakadhani imeshapotea.

"Sura ya tunda hudanganya," alieleza. "Sisi tunasoma alama za vinasaba kwenye majani, tunazilinganisha na za jani kavu lililohifadhiwa tangu zamani. Mti utakaooana nalo tutauzalisha kwenye shamba la hifadhi, na jina la mwenye mti litaandikwa pale."

Fundi akajitolea kuchuma majani ya miti yote miwili. Nani angemkatalia? Kwake alichuma ya juu, mazuri. Kwa mdogo wake aliinama hadi shinani, chini ya kovu la kuunganishia, akachuma ya chipukizi lililojiotea. Mafundi wote wanajua: juu ya kovu ni tunda ulilopandikiza, chini ni mti mwingine kabisa, mara nyingi mwitu tu.

"Wakausome huo mwitu," alijisemea, roho ikamtulia tuli.

Majibu aliyaleta mtaalamu mwenyewe, meno yote nje. Mti wa fundi ulikuwa tufaha la kawaida la sokoni. Wa kitinda mimba ulikuwa Shavu-la-Bibi.

"Haiwezekani!" fundi aliropoka. "Yale majani ni ya chini ya kovu!"

"Ndiyo maana!" mtaalamu alipiga kofi. "Inaelekea mzee aliukata mti wa zamani, akapandikiza wa sokoni juu yake. Tungechuma juu tungeambulia patupu. Ni wewe tu uliyefikiria kutafuta chini."

Kitinda mimba alimrukia shingoni, machozi yakimlengalenga. "Dada! Yaani ulijua, na bado ukaniachia mimi heshima hii?"

Sifa zile zilimchoma kuliko matusi.

"Na vijiti vya kupandikiza kwenye shamba la hifadhi utakata wewe, dada. Mimi nitauharibu mti wangu."

Mti wangu! Fundi akachukua mkasi, akainama tena palepale shinani, akaanza kumkatia vijiti.